Tuliinyamazisha modemu, ikawa inamwamsha mzee wa watu usiku

Hiki kisa ni cha mwaka 2002, Tanga. Majina ya watu, ya ofisi na ya kampuni iliyokuwa inatupa intaneti nimeyatoa, na vitu vidogo vidogo ambavyo mtu wa pale mjini angevitambua nimeviruka. Kosa kubwa humu ndani ni la kwangu mimi fundi, hilo nimeliacha kama lilivyo.

Ofisi ilivyokuwa

Ofisi ya kutoa mizigo bandarini, watu wanne, chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Nyuma anakaa mama mwenye nyumba na wajukuu, na kitanda chake kimeegemea ukuta uleule ambao upande wetu kuna meza ya kompyuta. Laini ya simu ni moja tu, na mchana inagombaniwa: mara wateja, mara faksi, mara bosi anapiga Dar na akipiga hakati leo. Kwa iyo bosi akaamua baruapepe zishuke usiku, kompyuta iachwe imewashwa, programu isetiwe ipige yenyewe saa 5 usiku na tena saa 10 alfajiri, ikishachukua barua ikate.

Kompyuta ilikuwa na Windows 98 na modemu ya nje, kile kisanduku cheusi chenye vitaa vyekundu mbele kinachoipeleka kompyuta kwenye intaneti kwa laini ya simu. Kwenye boksi imeandikwa 56K, yaani biti 56,000 kwa sekunde, lakini hiyo 56K ilikuwa ya boksi, maana ule mtindo wa V.90 wa mwaka 1998 unataka kampuni ya intaneti iwe imeungwa kidijitali na njia yote ya kati iwe safi. Sisi tukipata 31,200 tunashukuru Mungu, mvua ikinyesha tunaenda na 24,000.

Usiku wa kwanza saa 10 alfajiri modemu ikapiga. Asubuhi mama mwenye nyumba kasimama mlangoni kabla hata hatujafungua. Dada wa mapokezi akamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba kwa mkato, halafu akasema, "Wanangu, humo ndani mmefuga nini? Kimelia kama paka kakanyagwa mkia, halafu kikakoroma. Mjukuu kaamka analia mpaka adhana." Hakuwa anatania. Alisema kama ni hivi basi mwisho wa mwezi tutafute chumba kwingine.

Ule mlio wenyewe ni nini

Nasimama hapa kidogo maana bila hili huko mbele hakueleweki. Watu wengi walikuwa wanadhani kompyuta inatengeneza ule mlio kama mbwembwe. Hapana bana, ile ni simu yenyewe unayoisikia. Ndani ya modemu kuna kispika kidogo kimeungwa kwenye laini, kinakusikilizisha kinachopita humo. Kwanza mlio wa laini kuwa wazi, halafu namba zinabonyezwa, halafu inaita kule, halafu modemu ya upande wa pili inapokea na kutoa mlio mmoja mrefu wa hertz 2,100 wenye vikatiko vidogo, ambao kazi yake ni kuviambia vifaa vya kuzuia mwangwi vilivyoko njiani vikae pembeni. Baada ya hapo modemu mbili zinaulizana wewe unajua mtindo gani, mi najua huu, zinapima laini kwa rundo la milio ili zijue wapi pamekufa na wapi panapitisha, na mwisho ndo lile koromeo la kwaaaa ambalo ni data tayari, imevurugwa makusudi ili ipite vizuri. Zikishakubaliana spika inajizima. Nusu dakika hivi yote.

Sasa mlio huo una amri zake, za ukoo ulioanzia kwenye modemu ya Hayes Smartmodem ya 1981 na karibu kila modemu iliyokuja baadaye ikauiga. M0 spika izimwe kabisa, M1 ilie mpaka muunganisho ushike halafu inyamaze, M2 ilie muda wote (hii sijui nani aliitaka). L1 sauti ya chini, L2 ya kati, L3 ya juu. Unatanguliza AT mbele, basi. Kwa maneno tu ni kazi ya dakika moja, sisi ilituchukua siku tatu.

Siku tatu za kutafuta kimya

Jaribio la kwanza sikuwepo. Kijana wa ofisi kaichukua modemu kaiviringisha taulo, kaiweka ndani ya droo, kafunga droo. Mlio ulipungua kweli. Lakini kisanduku kile kinapata joto hata kikiwa mezani peupe, na huku kwetu usiku wa Januari unajua mwenyewe, kwa iyo saa 10 ikakonekti ikakata, ikakonekti ikakata. Asubuhi walipofungua droo wakakuta taulo la moto kama limetoka kupigwa pasi. Ndo nikaitwa.

Nikaanza na njia ya kistaarabu, Control Panel, Modems, pale kuna kimstari cha kuvuta sauti kutoka kuzima mpaka juu. Kimefifia, hakishikiki. Sababu ni kwamba CD ya draiva, ile programu inayoifundisha Windows kuitumia modemu, ilipotea zamani, aliyeifunga modemu alichagua ile draiva ya jumla ya Windows, na draiva ya jumla haijui modemu hii sauti inapunguzwaje. Nikaona haina shida, nikaingia ndani zaidi kwenye kile kiboksi cha Extra settings ambako unaandika amri kwa mkono, nikaandika M0, nikafunga, nikaaga na hela yangu mfukoni.

Usiku ikalia vilevile.

Kumbe kwenye Windows 98 kila kikonekti (namba ya kupigia intaneti na setingi zake) ulichotengeneza kwenye Dial-Up Networking kina nakala yake ya setingi za modemu. Ukibadilisha kule Control Panel unawabadilishia watakaozaliwa baadaye, aliyekwisha kuwepo anaendelea na zake. Hili nilikuwa silijui na nasema bila aibu kwamba nilikuwa nimeshawafungia watu kama kumi modemu bila kulijua.

Siku ya tatu nikaenda kwenye kikonekti chenyewe. Kwenye kiboksi nikakuta tayari kuna kitu, X3. Sikujiuliza, nikafuta nikaandika amri yangu, tena kwa haraka nikaandika M na herufi O badala ya sifuri. Modemu ikarudisha ERROR, na haki yake, maana kwake hizo ni amri mbili: M peke yake ni sawa na M0, na O ni amri ya kurudi kwenye mazungumzo ambayo hayapo. Nikarekebisha. Sasa ikawa bubu lakini haipigi, inalalamika hakuna mlio wa laini. Nikatoa jasho pale mbele ya bosi. Halafu nikakumbuka ile X3 niliyoifuta, kwamba X3 inaiambia modemu isisubiri mlio wa laini, piga tu. Modemu nyingi zilitengenezwa zikisikiliza mlio wa Marekani ambao ni milio miwili pamoja, hertz 350 na 440, wakati nchi nyingi wanatumia mmoja wa 425, kwa iyo modemu inasikia laini ipo wazi kabisa na inakataa kuwa ni laini. Aliyenitangulia alikuwa fundi kuliko mimi. Nikaandika X3M0, ikapiga, ikakonekti, kimya kama kaburi. Mama mwenye nyumba kesho yake akatuletea vitumbua.

Niliwaza kujaribu L1? Nilijaribu, ndiyo, ile modemu L1 na L3 kwake ni kitu kimoja. Vile vispika vidogo vya bei rahisi vingine vilikuwa hivo, amri inapokelewa, OK inarudi, na hakuna kinachobadilika.

Wiki tatu za raha, halafu barua zikakata

Wiki ya nne kampuni ya intaneti ikatuma faksi kwamba namba ya kupigia imebadilika. Dada wa mapokezi akaingia kwenye kikonekti akaandika namba mpya. Tarakimu mbili za mwisho zikapishana. Kosa la kibinadamu kabisa, mtu yeyote anaandika hivo, na kabla ya mambo yangu lingegundulika palepale maana ungeijaribu ungesikia.

Asubuhi hakuna barua. Wakasema labda jana hakuna aliyetuandikia. Ya pili hakuna. Ya tatu mteja akapiga simu anafoka, makaratasi yake ya mzigo kayatuma juzi na meli iko nje. Nikaitwa.

Nikafungua logi ya modemu, lile faili inamoandika kila ilichofanya. Kila jaribio limeishia NO CARRIER baada ya kama dakika moja. Sio BUSY (namba inatumika), sio NO DIALTONE (hakuna mlio wa laini). Nikatafsiri kifundi kwamba upande wa pili unapokea ila haushikani nasi, kwa iyo mbovu ni wa kampuni. Nikawapigia, wakasema kwao salama. Nikawapigia tena nikiwa na ukali kidogo. Siku ya nne yote ikaenda kwenye kubishana na watu ambao hawakuwa na kosa.

Siku ya tano asubuhi, na sio kwa akili, ni kwa kuchoka tu, nikafuta M0 nikaweka M1 ili nisikie wenyewe. Mlio wa laini, namba, ikaita mara moja, mbili, tatu. Halafu ikatoka sauti ya mtu mzima kwenye kile kispika, ofisi nzima inasikia:

"Haloo? ... Haloo! Nyie ni nani lakini?"

Dada wa mapokezi kashika mdomo. Modemu haina maiki ya kumjibu mtu, kwa iyo mzee anauliza na sisi tumekaa tunakiangalia kisanduku. Nikachomoa waya. Tukachukua simu ya kawaida tukasoma namba iliyoko kwenye kompyuta tukaipiga.

Bosi ndo aliongea. "Shikamoo mzee." "Marahaba, nani mwenzangu?" Akajieleza, akaomba radhi, upande wa pili ukanyamaza kidogo, halafu mzee akasema usiku wa tano huu anaamka. Simu ikiita saa 10 alfajiri mtu wa makamo yake hafikirii kingine, anafikiria msiba. Ana mtoto ng'ambo. Anapokea anasikia kimya, anaona laini mbovu, mtoto anahangaika kumpata, anakata ili apigiwe tena, na kweli inapigwa tena. Usiku wa pili akahamishia simu chumbani.

Kwa nini alisikia kimya? Kwa sababu modemu inayopiga kwa kawaida inakaa inasikiliza, inamsubiri mwenzake atoe ule mlio wa 2,100. Mzee anasubiri modemu iseme na modemu inamsubiri mzee. Yeye akikata modemu haijui, inaendelea kungoja mpaka ile dakika yake iishe. Na programu ya barua ilikuwa imesetiwa ijaribu mara 10 kabla ya kukata tamaa. Mara 10 saa 5 usiku, mara 10 alfajiri. Usiku tano, fanya hesabu.

Tulichoamua, na kwa nini

Namba ikasahihishwa dakika ileile, hilo halina mjadala. Mjadala ulikuwa spika. Bosi alitaka ibaki imezimwa moja kwa moja, kwamba kosa ni la namba na namba imeshapona, na mama mwenye nyumba tumempoza kwa shida. Mi nikakataa. Nilimwambia namba itabadilika tena, au laini itaingiliana na ya mtu, au itakufa kabisa, na modemu yetu kwa X3 ni kiziwi wa mlio wa laini na kwa M0 ni bubu, kwa iyo tumebaki na chombo kisichosikia na kisichosema, na tunakiamini kifanye kazi watu wakiwa wamelala.

Tukakubaliana hivi. Vikonekti viwe viwili, kimoja cha mchana chenye X3M1 na kimoja cha usiku chenye X3M0. Namba yoyote mpya inaandikwa kwanza kwenye cha mchana, inapigwa mtu akiwa amekaa pale anasikiliza mpaka asikie lile koromeo, ndipo inaandikwa cha usiku. Kujaribu kukashushwa kutoka mara 10 mpaka 2, maana kama kampuni haikupokea mara mbili hiyo ya tatu haitakuwa na muujiza. Na dada wa mapokezi akifika asubuhi, kabla ya chai, anafungua logi anaangalia mstari wa mwisho kama kuna CONNECT.

Kuhusu mchana, mama mwenye nyumba hulala baada ya adhuhuri, kwa iyo M1 tupu nayo isingefaa. Nikafungua kisanduku, skrubu mbili, nikakuta kispika chenyewe ni kidude cha mviringo kidogo kuliko shilingi mia chenye tundu katikati. Nikabandika plasta ya kidonda juu ya tundu, ile ya kitambaa, vipande viwili. Hii ndo kazi niliyoipenda kuliko zote. Ukikaa mezani unasikia kila hatua, ukisimama mlangoni husikii. Haizibi matundu ya hewa kama lile taulo, na ukitaka kuitoa unabandua.

Ikawaje

Barua zikarudi siku ileile. Ule mzigo ulichelewa siku mbili na mteja hakutusamehe haraka. Bili ya simu ilipokuja tukakuta tumelipia kila mara mzee alipopokea, maana kwa mtambo wa simu mtu akipokea ni simu imefanyika, haijui kama mmeongea. Bosi alimtuma kijana apeleke kilo mbili za sukari kwa mzee, akarudi na maembe. Miezi kama sita baadaye namba ya kampuni ikabadilika tena, dada akaijaribu kwenye cha mchana, akasikia inaita bila kupokelewa, akaangalia faksi upya, akakuta kasoma 1 badala ya 7. Dakika tano imeisha.

Kilichosaidia na kilichotuponza

Plasta ilisaidia kuliko amri zote, na nadhani ni kwa sababu iligusa tatizo lenyewe. Mama mwenye nyumba hakuwa na ugomvi na mlio, alikuwa na ugomvi na ukubwa wa mlio usiku. Mi nilipoambiwa "kinapiga kelele" nikasikia "kizimwe", nikaruka moja kwa moja mpaka M0. Sikuuliza hata huo mlio nani anautumia. Na kulikuwa na mtu anautumia: dada wa mapokezi, bila kujua, alikuwa anajua kwa sikio kama leo imeshika au la, alikuwa akisikia linakoroma mara mbili anasema "leo laini mbaya" na kweli. Nilimtoa hicho nikampa kimya, na sikumwonyesha logi iko wapi.

Ile X3 niliyoifuta bila kusoma ndo naona aibu nayo mpaka leo, zaidi ya herufi O. Herufi O ni kidole kimeteleza. Kufuta setingi ya mwenzio bila kujiuliza aliiweka kwa nini ni dharau, na ilinigharimu jasho mbele ya mwenye hela. Toka hapo nikikuta kitu kwenye kile kiboksi naongeza mbele yake, na cha zamani nakiandika kwenye daftari.

Logi nayo niliisoma vibaya. NO CARRIER nilijifunza darasani kwamba ni hakuna modemu upande wa pili iliyoshika. Nilichosahau ni kwamba mtu naye sio modemu. Katika majibu yote iliyokuwa inayatoa modemu ile hamna hata moja lililosema "kapokea binadamu", inamweka kundi moja na modemu iliyoharibika, na ndo maana siku nzima niligombana na kampuni. Sikio lilimaliza kesi kwa sekunde kumi na tano hivi.

Kimoja sijawahi kuridhika nacho. Kikonekti cha usiku bado kilikuwa bubu, na kama namba ingeharibika katikati, tuseme mtambo wa simu ukatupeleka kwa mtu mwingine saa 10 alfajiri, tungejua saa 2 asubuhi kwenye logi. Mara 2 kila safari, mara mbili kwa usiku, maana yake mtu angeamshwa mara 4 kabla hatujajua. Nilitaka iwe mara 1. Bosi akakataa, akasema laini za hapa mara moja haitoshi, na siku za mvua alikuwa sahihi.